Saa Nne na Nusu

Jumamosi, chumba cha juu cha zahanati, Kariobangi Kusini.
Viti tumevisukuma ukutani, viatu tumeviacha mlangoni,
na mbele ya magoti yangu amelala Bwana Kimya,
mwanasesere wa plastiki asiye na miguu,
mdomo wazi kama mtu aliyekatizwa akisimulia.

"Sista Kerubo, bonyeza! Usimbembeleze."

Anayenikemea ni Otsieno.
Otsieno huyu nilimfundisha mimi kutafuta mshipa,
mkono wake ukitetemeka kama wa mwizi wa mara ya kwanza.
Leo ana saa ya kuhesabia, na kipaza sauti asichokihitaji.
"Sentimita tano! Kifua kirudi juu! Mia na kumi kwa dakika!"
Nabonyeza. Ndani ya plastiki kitu kinalia: tak.
Kikinyamaza, nimemuua.

Miaka ishirini na sita nimevaa sare hii.
Vyeti vyangu vimo katika faili la buluu, chini ya kitanda,
na kila baada ya miaka miwili vinachacha
kama maziwa ya pakiti.
Nilikuja kwa ajili ya alama za leseni, niseme ukweli.
Na chai.

Kisha Otsieno akaandika ubaoni kwa kalamu inayokauka:
saa nne na nusu.
Nikatazama mkono wangu. Bado dakika kumi, nikawaza, tukanywe.
Akayaona macho yangu, akacheka.
"Si saa ya ukutani, Sista. Ni muda.
Tangu mdomo unapokwenda upande,
tangu mkono unapokiacha kikombe,
mlango uko wazi kwa muda huo,
kama ni damu iliyoganda, kama kichwa kimepigwa picha,
kama dawa ipo, kama gari limepatikana.
Halafu unafungwa."

Ndipo alipoingia Mzee Muthiora.
Hakubisha hodi.
Fundi viatu wa kando ya soko, gundi imekauka kwenye kucha,
aliyeletwa na mkewe mwaka ule wa mvua nyingi:
"Tangu saa tatu anaongea kama ana kiazi moto mdomoni.
Sindano imemponyoka mara tatu."
Nilimpima malaria. Nikampa panadoli.
Nikasema, amechoka, mlaze, mrudi kesho.
Na kitabuni, kwa mwandiko wangu unaosifiwa,
niliandika saa aliyofika:
saa nne na nusu.

Hesabu ni ya mtoto wa darasa la pili.
Saa tatu nzima zilikuwa zimebaki mfukoni mwake,
nami nikamwambia kesho.

Somo halikunisubiri.
Mumbi wa maabara alimkaza dereva wa ambulansi kitambaa cha paja
hadi damu isiyokuwepo ikakoma, naye akaomba msamaha.
Kiungulia cha mama wa miaka hamsini, akasema Otsieno,
kikipanda hadi taya, msimpe maziwa;
mpimeni moyo kwanza.
Chai ikaletwa na mandazi. Yangu ikapoa, ikafanya utando.
"Rudia ya uso," nikamwambia. "Rudia polepole."
Akarudia. Hakuuliza kwa nini.

Jioni navaa viatu pale mlangoni.
Soli ya kushoto ni mshono wake Muthiora,
uzi mweusi, umekaza bado,
umeshinda mvua zote nilizopita nazo.

Langoni yuko Makokha, bawabu, na redio yake.
"Makokha, tabasamu."
"Kwani kuna nini, Sista?"
"Tabasamu tu. Sasa inua mikono."
Akainua upesi, zote mbili, juu kabisa,
kama mtu aliyewahi kuporwa Nairobi hii.
"Sema: kuku wa kienyeji hauzwi kwa kilo."
"Kuku wa kienyeji hauzwi kwa kilo. Anauzwa wapi?"
Akacheka, na uso ukacheka pande zote,
kulia na kushoto, sawasawa.

Nilibaki pale nikimtazama
kuliko ilivyohitajika.